Sensa Iliyopelekwa Msituni Kupumua

Phineas Osundwa ni kinyozi wa Lurambi, mwenye mkono mwepesi, lakini moyo wake wote uko kwenye gari lake. Ni Toyota kuukuu ambayo fundi Kipchirchir aliifunga turbo. Tangu siku hiyo, ikipanda mlima ilikohoa na kutema moshi mweusi hadi majirani wakaanua nguo.

"Mimi sibahatishi petroli kwa sikio," Kipchirchir alimwambia. "Nunua sensa ya oksijeni, ile tunaitanga waidibendi. Ya kawaida inakuambia tu petroli imezidi au imepungua. Hii inakuambia ni kwa kiasi gani."

Zilipatikana aina mbili. Moja ilikuwa imepimwa kiwandani kabisa, unafunga na kuendesha. Nyingine ilikuja na geji nzuri ya taa ya buluu, ila kila baada ya muda lazima ichomolewe kwenye ekzosi, bomba la moshi, na kuwekwa penye hewa safi, ijikumbushe hewa ni nini.

Phineas akashindwa kuchagua. Akaliweka jambo hilo mbele ya wateja.

"Sensa si ilipita?" akashangaa Moraa, muuza ndizi wa jirani. "Watatuhesabu mara ngapi?"

Alipoelezwa, akasema oksijeni ni mambo ya hospitali, na gari likifika hapo liombewe tu.

Eugene, mwalimu wa kwaya, alikuwa amenyolewa upande mmoja. Akasimama na kitambaa shingoni. "Hiyo ya kiwandani ina kiburi! Haitaki kurudi kujifunza. Mimi waimbaji wangu nawarudisha do-re-mi kila Jumamosi!"

"Kitu kinachosahau hewa utakiaminije?" mwingine akamjibu.

Ubishi ukawaka. Eugene akatoka na nusu kichwa chake hadi stendi ya bodaboda, akarudi na kundi la kumuunga mkono. Kura ikapigwa kwa mikono. Sensa yenye geji ikashinda.

Sasa hewa safi itoke wapi? Mlangoni pa Phineas palikaangwa samaki. Nyumbani, mkewe Ayuma alipikia kuni. Akaona heri aende Msitu wa Kakamega, akabeba sensa na geji yake, nyaya na betri.

Langoni, askari wa msitu aliyeitwa Jepkemboi akamsimamisha. "Mzee, hiyo ni nini?"

"Ni sensa, madam. Nimeileta ipumue."

Jepkemboi akaitazama kwa makini. "Ni raia ama mgeni? Tiketi ni tofauti."

"Imetengenezwa Ujerumani."

"Basi ni mgeni." Akafikiri. "Ina umri gani?"

"Imetoka dukani juzi."

"Aa, huyo ni mtoto mchanga. Mtoto wa kubebwa halipi. Pita naye, lakini usimwache peke yake. Kuna nyani."

Phineas aliining'iniza sensa kwenye tawi, akaiunganisha na betri, akaketi akingoja ipate joto. Geji ilicheza, ikatulia. Hata hivyo hakuinuka. Miaka yote ya ukinyozi hakuwahi kukaa mahali pasipokuwa na kichwa cha mtu mbele yake. Mabega yake yakashuka polepole.

Kipchirchir aliposikia, alicheka hadi akashika boneti. "Ndugu yangu, ungesimama tu nje ya gereji! Bora usiwe kwenye moshi."

Phineas alinuna. Lakini sensa ilifungwa, petroli ikarekebishwa, moshi ukakoma. Gari likapanda mlima wa Shinyalu bila kukohoa hata mara moja, na majirani wakaacha nguo kambani.

Muda wa kuipa hewa tena ulipofika, Ayuma alimkuta mumewe akipakia betri.

"Baba Michelle, si fundi alisema hata hapa nje inatosha?"

"Alisema."

Ayuma akaingia ndani, akarudi na chupa ya chai na leso. Akafungua mlango wa mbele, akaketi.

"Twende," akasema, "kabla watu hawajaanza kuomba lifti."