Viatu vya Mwanangu Vilikwenda Kampeni

Kosa ni langu. Msinitafutie shetani wa kumsingizia. Niliandika uongo nikijua ni uongo, na aliyeumia ni mwanangu.

Alizaliwa na mguu mmoja umepinda kwa ndani. Kliniki walimfunga plasta, mguu ukanyooka, wakampa viatu viwili vilivyoungwa kwa chuma, awe analala navyo hadi akue. "Ukiviacha, mguu unarudi," waliniambia. Nilisikia. Mimi si kiziwi.

Basi mzee wa kanisa letu hapa Osukuru, Uganda, akagombea kiti cha wilaya. Mpinzani wake alisema dini ikae kanisani, viongozi washughulike na mitaro. Maneno hayo yaliniudhi. Mitaro bila Mungu ingetufikisha wapi? Na kwa kuwa nimemaliza sekondari, kanisa likanipa kazi ya kuandika.

Niliandika wimbo wa kwaya. Niliandika igizo, mpinzani yuko Jehanamu anaomba maji ya mtaro. Niliandika hadi ndoto, ikasomwa kuwa ya bibi mmoja ambaye hakuwa ameota chochote. Watu walicheka, wakacheza, wakaenda zao.

Mgombea akanivuta kando. "Dada, wimbo watu nacheza tu. Leta ushuhuda. Ushuhuda nani atabisha?"

Nikaandika kwamba alimwekea mwanangu mkono na mguu ukanyooka papo hapo. Plasta sikuitaja. Jumapili niliusoma mwenyewe kwa sauti ya kutetemeka niliyoifanyia mazoezi jikoni. Kanisa zima likasimama. Na mimi, mjinga mkubwa, nilifurahia makofi.

Kabla sijakaa, mama mkwe alikuwa ameshakimbia nyumbani na kurudi na vile viatu, akaviweka madhabahuni. Mgombea akaviinua juu. Tangu siku hiyo vikawa vinakwenda naye kampeni, Kiyeyi na kwingine kote, vimefungwa mbele ya gari kama pembe za ng'ombe.

Nilimfuata. "Mheshimiwa, mtoto analala bila viatu."

"Si amepona?"

"Unajua vizuri hakupona kwa mkono wako."

"Dada yangu, hii viatu si yako tena. Ni ya wananchi."

Nikambeba mtoto ili nirudi kliniki. Mama mkwe akaziba mlango. "Wewe nataka kupeleka mtoto imepona kwa daktari? Nataka Mungu apate aibu?" Baba mtoto alikuwa pale, anatazama kuku. Siku nyingine nikachomoka, nikafika. Nesi kumbe ni wa kwaya yetu. Alinikumbatia, akasema hapa hakuna cha kutibu, turudishe sifa.

Jumapili nikasimama tena. "Nilidanganya. Ni plasta."

Mchungaji akasema, "Mnaona unyenyekevu? Hataki hata sifa." Makofi yakazidi ya mwanzo. Nikaandika barua ya kukanusha, kwaya ikaitia sauti na ngoma. Leo watoto wanachota maji wakiimba "Si mkono, ni plasta", na kila mwenye masikio anajua ni wimbo wa kampeni.

Mgombea akashinda. Nilidhani sasa atarudisha viatu. Ameviweka ofisini, wageni wanapigwa picha navyo.

Mguu ukaanza kurudi. Mtoto alikuwa anakanyagia ubavu wa unyayo, na majirani wanasema ona anavyocheza mbele za Bwana. Hapo nikaona wote tuna wazimu, na mimi ndiye niliyewaambukiza. Nikamwambia mama mkwe naenda kumsalimia dada yangu aliye Busia, nikavuka mpaka, nikaingia kliniki ya upande wa Kenya.

Nesi akamtazama mtoto, akanitazama. "Mama, huyu si yule mtoto aliyeombewa huko Uganda akapona?"

"Ndiye."

"Sasa mbona mguu uko hivi?"

Nilimweleza yote. Hakucheka. Akasema tunaanza upya, plasta ya kwanza leo, na safari hii itauma zaidi kwa sababu mguu umekomaa. Walipoanza kuunyoosha, mwanangu alipiga kelele akiniita mimi. Hakumwita mheshimiwa.

Wewe unayeandikia mgombea wako, mwimbie, mwombee, mtungie mashairi mpaka koo likauke. Ukiishiwa hoja, nyamaza. Na ukiona lazima pawe na muujiza, toa mguu wako mwenyewe.