Kadi Zilizokataliwa

Mwaka aliofariki mumewe, mama mwenye duka la saa kule Agincourt, upande wa mashariki wa jiji letu huku ughaibuni, aliniomba nimchagulie programu ya kompyuta. Tulifahamiana kwa bahati tu. Nilikuwa nimepeleka saa yangu ikabadilishwe betri, nikawa naongea Kiswahili kwenye simu, naye akaweka bisibisi mezani na kuniuliza, "Wewe mtoto wa wapi?" Nikamwambia Moshi. Yeye alizaliwa Tanga, Mwismailia, mjukuu wa muuza vitambaa, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Tangu siku ile akawa ananiita mwanangu.

Mumewe, ndiye aliyekuwa fundi, hakuwahi kugusa kompyuta. Kila mteja alimwandikia kadi, akaipa namba na kuipanga kwenye masanduku marefu ya mbao. Sasa mama alibaki peke yake na masanduku hayo. Mimi kazi yangu ni ya ofisini, nashinda na majedwali, kwa hiyo nikamweleza kuwa njia ni mbili. Programu ya hesabu za biashara ndogo ingemtolea risiti na kumpangia mambo ya kodi bila kumsumbua. Programu ya kanzidata ingemtunzia lolote analotaka kukumbuka juu ya mteja, ila ingebidi tuijenge wenyewe kidogo kidogo.

"Ipi rahisi?" akauliza.

"Ya hesabu."

"Basi hiyo hiyo."

Jumamosi kadhaa nilitoka nyumbani Weston asubuhi, nikavuka jiji zima, nikakaa nyuma ya duka kunakili kadi. Maelezo marefu sikuyasoma. Nilichukua namba, jina, tarehe na malipo, basi. Zilipokwisha nikaziingiza kwenye programu ya hesabu tuliyopewa kuijaribu kwa mwezi mmoja. Ikazipokea karibu zote. Arobaini na kitu ikazikataa kwa sababu moja: hakuna malipo. Kwa programu ile, ambaye hakulipa hakuwa mteja.

Nikazitafuta kadi zenyewe nione kosa liko wapi. Kosa halikuwepo. Walikuwa watu ambao fundi hakuwadai. Alikuwa ameandika kwa Kiswahili, nadhani ili wanaosimama kaunta wasiweze kusoma. "Mzee. Saa yake haina ubaya. Anataka mtu wa kuongea naye." Nyingine: "Mjane. Ameomba niisimamishe saa ya mumewe dakika aliyokata roho. Nimeisimamisha." Nilisoma polepole. Duka lilikuwa kimya, isipokuwa zile saa ukutani.

Kisha nikaishika moja isiyo na jina.

"Msichana wa Moshi. Kidole kidogo cha kulia hakikunjiki. Saa ya marehemu baba yake, imeingia maji. Anatetemeka, hana glovu. Sikumdai. Amesema atarudi."

Nikautazama mkono wangu wa kulia. Kidole kile nilikivunja nikiwa darasa la tatu, hakijakunjika tena. Tarehe ilikuwa ya Februari, majira yangu ya kwanza ya baridi nchini, mwezi mmoja baada ya kurudi kutoka kumzika baba. Wakati huo nilikuwa nakaa Richmond Hill, nje ya jiji kaskazini, kwa shangazi. Agincourt sikuwa nimewahi kufika. Fundi yule sikuwahi kumwona hata siku moja. Angalau hivyo ndivyo nilivyoamini.

Nikamwita mama. Aliisoma kadi, akanitazama usoni, akaisoma tena.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Alinisimulia. Msichana aliyemuuliza hapa ni wapi, na amefikaje."

Akavuta droo, akapekua bahasha mpaka akaipata yenye namba ya kadi. Ndani kulikuwa na saa. Nikaigeuza. Nyuma kulikuwa na herufi ya kwanza ya jina la mama yangu mzazi, ile ambayo baba aliichora kwa msumari mbele yetu, sisi tukicheka.

Nikampigia kaka Moshi.

"Saa ya baba iko wapi?"

"Ninayo mkononi. Mama alinipa baada ya msiba. Kwani vipi?"

"Igeuze."

Nikamsikia akiivua.

"Huku nyuma hakuna kitu, dada," alisema hatimaye. "Ni tupu."

Mama yetu naye alishafariki, hatukuwa na wa kumuuliza. Yawezekana alinipa mimi ile ya kweli, akamnunulia kaka nyingine ili asinung'unike. Sikumbuki kupewa. Jioni ile nikampigia shangazi, nikamuuliza nilikuwaje majira yale ya baridi.

"Ulinitisha," alisema. "Unatoka asubuhi, unarudi jioni viatu vimelowa. Nikikuuliza ulikuwa wapi, unaniambia ulikuwa chumbani. Na ulisema kwa dhati kabisa, sikuona kama unadanganya."

"Ilikuwa siku ngapi?"

"Siku? Wiki, mwanangu. Wiki nyingi."

Jumamosi iliyofuata mama alinikuta bado na programu ile imefunguka. "Programu gani hii inayotupa watu?" alisema. "Iondoe." Tukachukua ya kanzidata. Niliijenga kwa karibu miezi miwili, na nilihakikisha sehemu ya malipo inaweza kubaki wazi bila kugomba. Wote arobaini na kitu wakaingia. Kadi yangu niliiacha mwisho.

"Kwenye jina niandike nini?"

"Andika jina lako," mama alisema. "Si umesharudi?"

Nikaandika. Saa mama akaipeleka kwa fundi mwingine, sasa inatembea vizuri tu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea shangazi, nikaingia kwenye duka dogo la mikate mtaani kwake ambalo sikulijua. Mwanamke wa kaunta alitabasamu, akanifungia mkate wa ufuta kabla sijasema ninachotaka. "Siku nyingi hatujakuona," alisema. "Yule uliyekuwa unakuja naye hajambo?"

Nikamwambia hajambo. Nikauchukua mkate, nikatoka bila kuuliza.