Kikapu Kilichokataa Kutulia

Programu ninayotumia kuchezesha picha za tovuti ilibadilika bila kuniuliza. Nililala fundi, nikaamka mwanafunzi. Vitufe vimehamishwa, vingine vimepewa sura mpya, hata cha kusimamisha picha kimepelekwa pembeni huko. Nilikasirika. Nani aliwatuma? Kitu kinafanya kazi vizuri, mnakichokonoa cha nini?

Lakini kazi ilikuwa imeshafika. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amefungua nyumba ya wageni Muleba na alitaka tovuti. Mimi niliitaka kazi ile kuliko yeye alivyoitaka tovuti, na sababu ilikuwa baba. Watu wakimuuliza habari zangu alijibu, "Yupo Bukoba, anaangalia kompyuta," kama vile naangalia mpira. Nilitaka aone kitu nilichokitengeneza kikitembea, akubali kwamba mwanawe ana kazi.

Basi nikanunua bando, nikajifungia chumbani kwangu Kagondo, hapo Bukoba, na video za mafunzo. Mwalimu wa video alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Kila kitu kwake kilikuwa rahisi, na alibonyeza kabla sijaona anabonyeza wapi. Nilimtukana kwa Kihaya, hakujali, akaendelea kutabasamu. Mwishowe nikaelewa, nikachora mwanamke aliyepiga magoti akimnyooshea mgeni kikapu cha kahawa ya kutafuna, kama tunavyokaribisha wageni kwetu. Mkono ulikwenda taratibu, kwa adabu. Kila mara kikapu kilipomfikia mgeni nilisimamisha picha nijipongeze.

Jumapili baada ya misa nikawa sebuleni kwa shangazi, Muleba. Baba alikuwepo, na wazee kadhaa wa ukoo. Nikaunganisha kompyuta na televisheni, nikabonyeza. Mwanamke akanyoosha kikapu. "Eee!" wakashangilia, na baba akakaa vizuri kitini.

Kisha mwanamke akakirudisha kikapu kifuani.

Akakinyoosha tena. Akakirudisha. Kumbe katika toleo jipya picha ikifika mwisho inarudi nyuma yenyewe, mpaka uikataze. Mimi sikuwahi kuuona huo mwisho, nilikuwa najipongeza.

Kwetu unaweza kumnyima mgeni chakula ukasingizia kwamba hakijaiva. Lakini umnyooshee kahawa, kisha uirudishe? Huo ni ugomvi wa ukoo kwa ukoo.

"Waitu, jamani, huyo mgeni kamkosea nini?" aliuliza shemeji yake shangazi, mzee mpole ambaye kwa kawaida hasemi.

"Maawe!" shangazi akashika kichwa. "Watu watasema nyumba yangu inaringishia wageni!"

Kwa hofu mkono wangu ukakimbilia pale kitufe cha kusimamisha kilipokuwa zamani. Siku hizi hapo wameweka cha kuongeza mwendo. Mwanamke akaanza kutoa na kurudisha kikapu mbiombio, toa rudisha, toa rudisha, magoti yakiruka juu ya mkeka. Mzee mmoja alicheka hadi akakohoa. Mwingine akapendekeza wazime umeme wa nyumba nzima. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya televisheni, amenyoosha mikono yote miwili, akimsihi yule mwanamke kwa Kihaya awe na huruma. Baba alikuwa akitazama viatu vyake, na mimi nilitamani sakafu inimeze.

Nikapapasa pembeni, nikabonyeza. Picha ikasimama. Bahati nzuri mkono ulikuwa umenyooka, kikapu mbele ya mgeni kabisa.

"Hapohapo!" shangazi akapiga kelele. "Usiguse tena! Hiyo ndiyo ninayoitaka."

Wiki zangu zote za kujifunza zikaishia kwenye picha isiyosogea hata ukucha. Niliumia, sitaficha. Nikaanza kukunja nyaya bila kumtazama mtu.

Ndipo nikamsikia baba akiwaambia wazee, kifua mbele:

"Mmeona? Sote tumeshindwa, yeye kabonyeza mara moja, kikapu kikatulia. Ndiyo kazi yake hiyo, huko Bukoba."

Kazi yangu ni kuchezesha picha, si kuzisimamisha. Nilifungua mdomo nimweleze, lakini alikuwa ananitazama mimi, si televisheni. Nikasema, "Ndiyo, baba."