Buti za Baba Furaha

Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu na kushika kipaza sauti. Kina mama wa ibada yetu ya Kiswahili wananijua, ndiyo maana waliniambia niandike tu, mwingine atasoma. Naandika kwa ajili ya mwenye ugonjwa wa sukari, na kwa ajili ya aliyefiwa. Mimi ni wote wawili.

Zamani maisha yetu yalikuwa ya kawaida. Tulitoka Uvira, tukapata makaratasi, tukapanga nyumba hapa Tumba, kwenye nchi ya Waswidi. Mimi nilisafisha ofisi Sundbyberg, mume wangu alipakia mizigo huko Märsta. Alikuwa mtu mfupi mwenye miguu midogo. Mimi navaa namba arobaini, yeye alivaa thelathini na tisa. Nikimcheka alisema, "Yangu ni miguu ya kawaida, Mama Furaha. Yako ndiyo ya kukanyagia udongo wa matofali."

Alifia kazini. Moyo ulisimama. Sikulia, si hospitalini, si kanisani, si makaburini. Watu walisema Mungu amenitia nguvu. Hazikuwa nguvu. Sikusikia kitu. Nilipika, nilifua, nikitoka kazini nilijilaza na kutazama dari.

Sukari nilikuwa nayo tangu mbele, lakini baada ya msiba ilipanda. Vidole vya miguu vilikuwa vinanichomachoma, kisha vikanyamaza. Nilifurahi kwamba vimenyamaza. Daktari wa kituo cha afya aliniambia, "Dawa unakunywa vizuri, lakini unalala mno. Tembea."

Rafiki yangu Akinyi ni Mkenya, kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani. Jumamosi moja alikuja akanitoa kitandani. Siku hiyo tulifuata njia ya watu wa mazoezi, na kila tulipogeuka tulikutana na mtu tunayemfahamu. Pole mama. Mungu anajua. Umekonda. Niliporudi nilimwambia Akinyi siendi tena.

"Basi tuiache njia," akasema. "Huko ndani ya miti hakuna wa kukupa pole. Labda sungura."

Hivyo tukaanza kuingia msituni mahali pasipo na njia. Theluji ilifika magotini. Unautumbukiza mguu, unauvuta, unautumbukiza wa pili. Muda si mrefu mgongo unatoka jasho huku nyusi zina barafu. Hatukuongea sana. Kimya kile nilikipenda, na sukari ilianza kushuka.

Sasa nieleze habari ya buti. Kwetu, matanga yakiisha, nguo za marehemu hugawiwa ndugu zake. Hapa hatukuwa na ndugu wa kugawia. Nguo nilizipeleka kanisani, lakini buti zake za baridi, za ngozi, karibu mpya, zilibaki mlangoni. Nikazivaa mimi. Zilinibana. Tena nikavaa soksi mbili mbili, kwa sababu sisi tuliotoka nchi za joto ndivyo tulivyoelekezana: baridi ikizidi, ongeza soksi. Sikujua kwamba kiatu kinachobana kinaizuia damu isifike vidoleni.

Ilikuwa Januari 2010, mwaka wa theluji nyingi. Tulikuwa tunavuka mahali peupe, tambarare, nikadhani ni uwanja. Kumbe chini ni kinamasi. Barafu ilipasuka, mguu wangu wa kushoto ukazama hadi juu ya kifundo. Akinyi akanivuta kwa koti.

"Umelowa?"

"Kidogo."

"Unasikia baridi?"

"Hapana."

"Haki ya Mungu?"

"Sisikii kitu."

Sikumdanganya. Ndivyo ilivyokuwa. Tukaendelea zaidi ya saa nzima, mimi nikiwa mbele.

Nyumbani buti la kushoto lilikataa kutoka. Kamba zilikuwa barafu tupu. Binti yangu Furaha alilivuta mpaka akaanguka kwa makalio, akacheka. Akinyi naye akacheka, kisha akanibinya juu ya kifundo.

"Hapa?"

"Sisikii."

"Na hapa?"

"Hapana."

Kicheko kikamwisha. Akaita teksi.

Hospitalini nesi alileta mkasi mkubwa. "Usikate," nikamwambia kwa Kiswidi, na sauti ilitoka juu kuliko nilivyotaka. "Ni buti za mume wangu." Nesi akasimama, akamtazama Akinyi. Akinyi akainama hadi usoni pangu.

"Mama Furaha, nisikilize. Baba Furaha hahitaji viatu tena. Wewe bado unahitaji mguu. Akate?"

Nikageuza uso.

"Si uniambie. Akate?"

Nikatazama ukuta. "Akate."

Ngozi ilikuwa ngumu, mkasi ulipita kwa taabu. Vidole vyangu vilikuwa vyeupe na vigumu kama mshumaa. Wakautia mguu kwenye maji ya uvuguvugu. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha maumivu yakaja, kama mtu ananichuna kwa kisu butu. Nililia mpaka makamasi yakanitoka. Akinyi akanikumbatia kichwa. "Lia, dada yangu. Mlilie."

Nitasema kweli, kwa kuwa Mungu anaona ninachoandika. Sikumlilia yeye. Niliulilia mguu. Yeye bado sijamlilia.

Daktari alikuja akagusa kidole kimoja kimoja. "Panapouma pako hai," akasema. "Nahofia pale pasipouma." Vidole viwili vya mwisho havikuuma. Vilivimba malengelenge yenye damu, vikawa vyeusi, vikakauka, vikaanza kunuka. Daktari alisema tusubiri tuone weusi utaishia wapi. Ukipanda, nusu ya mguu itaondoka.

Nilikaa nyumbani wiki nyingi, mguu juu ya mito. Kila bandeji ilipofunguliwa niligeuza uso, Furaha akaangalia badala yangu. Namuuliza kwa Kiswahili, "Umepanda?" Ananijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, "Nej, mamma," yaani hapana, mama. Kila mara hivyo. Mwishowe wakakata vidole viwili tu. Mguu ukabaki.

Nilijifunza upya kusimama. Nilikuwa naenda upande, nashika kuta. Theluji ilipoyeyuka niliweza kufika stesheni bila mkongojo.

Namshukuru Mungu, manesi, Furaha aliyeangalia nisichoweza kuangalia, na Akinyi aliyeuliza mara ya pili. Ninyi wenye sukari, msiuulize mguu kama ni mzima. Utawajibu kwamba hauna shida. Tazameni nyayo zenu kila jioni, na mkiwa na mtu nyumbani, naye atazame. Kiatu kiwe na nafasi. Na ninyi mliofiwa, mkiwa hamsikii kitu, msidhani mmepona. Mwambieni mtu.

Siku hizi navaa namba arobaini na moja. Baba Furaha angecheka sana. Buti lake la kulia, lile zima, bado liko mlangoni. Furaha aliniuliza kama tulitupe. Nikasema bado.

Jumamosi tunaingia tena msituni, mimi na Akinyi. Tukipita mahali penye maji anasimama. "Umelowa?"

Sijibu haraka. Nakaa juu ya gogo, navua buti, naingiza mkono ndani ya soksi. Nashika kila kidole kilichobaki. Ndipo namjibu.