Siku tuliyomngoja meneja anyooshe mikono getini

Wakuu, heshima kwenu wote, wa zamani na wageni. Naonaga vijana humu mkilalamikia makampuni makubwa, kamera juu ya meza, kusaini kwa kidole. Leo nami nitoe langu. Chumvi sitii.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa kiwanda cha nguo cha umma, upande wa Temeke. Shule niliishia darasa la tano, nikabeba magunia Tandale, nikapaka rangi nyumba za watu. Sikuwa mtu wa kukaa mahali.

Pale nilidumu kwa sababu ya mashine. Nilitaka kujua kila gurudumu linazungushwa na nini.

Kazi niliipenda. Geti ndilo lililonishinda.

Saa nane mchana zamu ikiisha tunapanga mstari, mikono juu, mlinzi anatupapasa asije mtu akawa kajizungushia kitambaa kiunoni. Wanawake nao wanalegeza kanga palepale mbele yetu, na anayepapasa ni mwanaume.

Gari la meneja likija, geti linafunguliwa, linapita.

Mkutanoni tulikuwa ndugu. Getini tulikuwa wezi.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Mwajuma, mama wa Lindi. Alikuwa anaunga uzi uliokatika huku unaongea naye, hata huoni. Siku moja akaniambia mwezi ukiisha anaacha kazi. Mume wa binti yake alikuwa kaajiriwa pale, na jana yake alisimama nyuma yake mstarini.

Sikulala vizuri. Mama yule alikuwa mjane, kibarua kile ndicho kilichomweka mjini.

Kesho yake nikawa wa kwanza getini, nikakaa chini. Nikamwamkia mlinzi, Mzee Chande, nikamwambia nitanyoosha mikono baada ya meneja. Akanisihi nisimtafutie balaa, ana watoto saba. Sikuinuka.

Wa nyuma yangu naye akakaa. Kidogo kidogo, mstari mzima ukawa chini.

Gari la meneja likafika, njia hakuna. Akashusha kioo, akauliza kulikoni.

"Ndugu meneja, tunangoja zamu yako," nikamjibu.

"Unajua kesho huna kazi?"

"Najua. Kukosa kazi nimeshazoea."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Ndipo Bi Mwajuma akasimama, taratibu, akijifunga kanga vizuri.

"Baba, kukaguliwa hatukatai. Ila huyu nyuma yangu ni mkwe wangu. Wewe ungependa mkweo akuone unapapaswa?"

Gari likazimwa.

Meneja akateremka. Akanyoosha mikono. Mzee Chande akaanza kumpapasa.

Hakukutwa na kitu, wala hatukutegemea. Lakini mkono ulipofika kiunoni, yule bwana alifumba macho. Nilikuwa karibu, nilimwona.

Wiki ileile kikajengwa kibanda cha mabati pembeni ya geti, akawekwa mwanamke kuwakagua wanawake. Bi Mwajuma alibaki mpaka akastaafu.

Mie nilipewa barua ya kuachishwa. Sikubishana nayo.

Siku ya mwisho nilipanga mstari, nikanyoosha mikono kama wengine. Mzee Chande akaushusha mmoja, akanishika mkono kama mtu anayeaga mgeni wake.

Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, Tabata mpaka Kinyerezi. Hakuna niliyotoka nimeinua kichwa kama ile.

Nilichojifunza, wakuu: kazi ngumu mtu anaizoea, dharau haizoeleki.

Haya, nyie wa maofisi ya siku hizi, geti lenu ni lipi, na nani kakaa chini wa kwanza?