Ndege Zisizoning'inia

Usiniambie habari za ndege. Mimi ndege nazichukia. Mwanangu alisimama katikati ya barabara pale Olasiti, shingo ameikunja nyuma, anaangalia kindege cha watalii kikishuka kwenda uwanjani, na bodaboda ikampitia. Dereva hakusimama hata kugeuka. Paja likavunjika. Ana miaka saba.

Hospitali wakamfunga plasta ngumu kutoka kiunoni mpaka karibu na vidole, kisha tukarudi kwenye chumba chetu cha kupanga. Alale chali, wakasema. Ale vizuri, maana mfupa haujiungi kwa maombi. Na hicho ndicho alichokataa. Uji aliutema. Mtori wa ndizi aliufumbia mdomo. Yai aliliacha hapo mpaka likaanza kunuka. Mashavu yakazama, macho yakawa makubwa kuliko uso. Tuliporudi kliniki daktari alimshika kifundo cha mkono, akanitazama mimi. "Mama, akiendelea hivi tunamrudisha wodini, tumlishe kwa mpira wa puani."

Mtoto alisikia. Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba hakulia.

Nilimbembeleza. Nilimfokea. Nilipiga magoti na bakuli mkononi kama mtu anayeomba kura. Mwisho nikamwambia, "Sema basi unataka nini, hata kama ni nyama ya twiga nitaitafuta!"

"Nataka ndege zangu."

Ndege zake ni tatu, za mbao, ukubwa wa kiganja. Baba yake ni mchonga vinyago. Alizichonga kabla hajaenda Zanzibar kutafuta wateja, akapotelea huko yeye na simu yake. Mimi nilikuwa nimezitia kwenye ndoo uvunguni, nangoja siku ya kukosa mkaa. Nikazitoa. Nikazifunga uzi mweusi, nikazitundika kwa hasira kwenye mbao za dari juu ya kitanda.

Akazitazama. "Mama, zimenyongwa."

"Zimenyongwa nini? Si zinaruka hizo!"

"Naona kamba."

Nikanunua mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba usio na rangi. Jua la dirishani likaukamata, ukang'aa kama utando wa buibui. "Naona," akasema, akageuza uso ukutani, na uji ukapoa tena. Nilitoka nje nikapiga teke ndoo ya watu.

Ni pale nje nilipokumbuka jinsi baba yake alivyokuwa akipanga tai wa mbao dukani. Hakumtundika kwa juu. Alimchomeka waya kwa nyuma, upande ambao mteja hasimami. Mteja akipita anaona tai tu, hewani. Mwanangu naye anaangalia kutoka mahali pamoja tu. Nilipolifikiria hilo nilikaa chini kwenye kibaraza.

Fundi baiskeli akanipa spoku za zamani. Tatizo lilikuwa ukuta. Mama mwenye nyumba, mtu wa Machame, siku ya kwanza kabisa alinionyesha msumari mmoja kwenye ukuta unaotazama kitanda. "Huo unakutosha, mdogo wangu. Ukuta wangu si kichuguu." Basi nikangoja aende mazoezi ya kwaya, nikachukua nyundo na msumari wa zege. Nikatoboa matundu matatu, nikachomeka spoku, na kila spoku nikaiingiza kwenye mkia wa ndege, pua ikimwelekea mtoto.

"Naona fimbo. Ya kushoto. Na ukutani kuna kivuli chake."

"Haya!" nikasema. "Sogea."

Hawezi kusogea. Nikalala mimi pembeni yake, ukingoni, shavu langu kwenye mto wake ili nione anachokiona.

Mungu wangu. Dirishani mbingu haionekani kabisa, ni bati la jirani tu. Mlango unaonekana, ule ninaoutumia kuondoka kila asubuhi kwenda kuuza ndizi. Na ukutani, mbele ya macho yake, kwenye ule msumari wa mama mwenye nyumba, sare yake ya shule. Niliipiga pasi mimi mwenyewe nikaitundika pale ili impe moyo. Kutoka kwenye mto wake ilikuwa nguo iliyonyongwa, haina kichwa, miguu haigusi chini.

Niliinuka nikaing'oa pale, nikaitupa kwenye sanduku. Nikakunja spoku ya kushoto, nikalala tena, nikainuka nikakunja tena, mpaka ikajificha nyuma ya mwili wa ndege. Nikafunika dirisha kwa khanga, mwanga ukalegea, vivuli vikafa. Nikalala tena. Ndege tatu zilikuwa zinakuja kwetu, hazijashikwa na chochote.

Mtoto alikuwa anazitazama, anapumua kwa mdomo.

Ndipo mlango ukafunguka. Mama mwenye nyumba, kitabu cha nyimbo kwapani, anatazama vumbi la zege sakafuni.

"Yesu! Umenitobolea nyumba?"

Sisi watu wa milimani, ukimkosea mtu unampelekea isale, lile jani, umelifunga fundo, na yeye hawezi kulikataa. Nilimpita mlangoni mbio, nikachuma moja kwenye ua, nikalifunga, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Sikuwa najuta hata kidogo.

Akaligeuza. "Aisee. Umechuma isale langu mwenyewe, kwenye ua wangu mwenyewe, kuniomba msamaha wa ukuta wangu mwenyewe?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba, mwehu wewe."

"Bibi," mtoto akasema kutoka kitandani, "weka kichwa hapa."

Yule mama ni mzito. Alishuka kwenye magoti kwa awamu, akalalia mto, jani bado mkononi. Akaangalia ukutani, ndege moja baada ya nyingine. Alipoinuka hakunitazama. Alirudi na bakuli la mtori wa kwake, akaliweka, akatoka.

Nilichota kijiko. Juu ya paa ikapita ndege, ya kweli, chini chini, bati likatetemeka, na mimi mwili mzima ukakakamaa kama siku ile. Mtoto hakugeukia dirishani. Macho yalikuwa ukutani.

"Hiyo imechelewa," akasema. "Zangu zimeshafika."

Mdomo ulikuwa wazi. Nikakiingiza kijiko haraka, kabla hajaufunga.