Magunia Yaliyolowa

Miaka ile ya ruksa, kila mwenye visenti aligeuka mfanyabiashara. Baba mkwe wangu naye alinunua boti ya mbao yenye injini, akawa anapakia maharage ya watu wa Mbinga na kuyapeleka Kyela. Mimi nilikuwa nimeolewa pale Kihagara, kando ya ziwa, nikitokea Mpepai, huko milimani. Kuogelea sijui mpaka leo.

Kilichonitesa zaidi ya ziwa ni adabu ya ukwe. Mkamwana hamgusi baba mkwe wake. Nikikutana naye njiani nilipiga magoti pembeni, nikasema, "Shikamoo, baba," na kuangalia chini mpaka apite. Mimi, na mdomo wangu huu! Lakini nilimpenda mzee yule. Akipata samaki mnono aliagiza nipewe mimi, eti mgeni nisije nikakumbuka kwetu.

Asubuhi moja boti yake, ikiwa imejaa, iligonga mwamba karibu tu na ufukwe. Mzee akashuka chini kuziba tundu kwa blanketi, magunia yakaporomoka na kumbana miguu. Wanaume wakaingia kuyavuta. Walivuta mpaka jua likawa kali, na boti inazidi kuzama taratibu. Magunia ndiyo kwanza yanakaza.

Mtu aliyekulia shambani haulizi kwa nini. Maharage yakilowa huvimba.

"Pasueni!" nikapiga kelele kutoka mchangani.

"Msipasue," mzee akasema, maji yakimfika kidevuni. "Mali ya watu hiyo."

Nao wakamtii! Hasira zikanipanda. Nikanyakua kisu cha kuparia samaki, nikajifunga kanga vizuri, nikaingia majini nikishikilia kamba ya boti iliyofungwa ufukweni, mpaka botini.

"Mkamwana, toka," akaniambia.

"Nisamehe, baba. Leo sitoki."

Kila wimbi lilimfunika uso. Nikakilaza kichwa chake kwenye mkono wangu wa kushoto, nikakiinua, na kwa mkono wa kulia nikapasua gunia baada ya gunia. Maharage yakamwagika ziwani. Mzee alifumba macho kwa aibu. Mimi yangu niliyakodoa, kwa maana niliogopa nikiyafumba atakuwa amekwenda. Magunia yakalegea, wanaume wakamvuta, wakambeba hadi mchangani.

Alikuwa bado anatapika maji mama mkwe alipokumbuka mila.

"Mkamwana amemshika baba yake," akasema huku analia. "Inabidi atoe kuku, aibu iondoke."

Mzee akainua kichwa.

"Kuku wa nini? Mtoto akimshika baba yake asizame, anatozwa kuku?"

Akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Watoto wake wa kiume wakasogea kumsaidia, akawapungia wakae kando. Akaninyooshea mimi mkono. Nikaushika, nikamwinua mbele ya kijiji kizima, machozi yananitiririka na wala sikuyafuta.